Posta Haijazi Uwanja, Swali Ndo Linajaza

Kuna posta moja umeshaiona mara nyingi hata kama hukumbuki uliiona wapi. Jina la tukio juu kwa herufi kubwa, katikati sura za wasanii wamepangwa kwa kufuata nani mkubwa nani mdogo, chini tarehe na saa na mahali na viingilio, halafu kwenye kona huko nembo za wadhamini zimebanana mpaka hazisomeki. Inarushwa mtandaoni Jumatatu, inarushwa tena Jumatano, wiki ya mwisho inarushwa kila baada ya masaa mawili na neno "usikose", siku ikifika nusu ya viti viko wazi na promota anasema watu siku hizi hawana hela. Inawezekana kweli hawana. Lakini mara nyingi tatizo ni kwamba hakuna aliyewapa sababu ya kutoka nyumbani usiku huo na si usiku mwingine.

Waandaaji wengi wanajipa moyo na ile ya kizuri chajiuza. Sawa, kwa kiatu inakubali, mtu anakishika, anakijaribu, anakiona kinambana au hakimbani. Tukio la laivu halipo. Siku unayoanza kuuza tiketi steji haijafungwa, msanii yuko nchi nyingine, mvua ya siku hiyo haijulikani, kwahiyo mnunuzi ni kama anakukopesha hela yake na wewe huna dhamana yoyote ya kumwekea zaidi ya maneno. Ndo maana kwenye biashara hii stori siyo urembo unaopakwa mwishoni bajeti ikibaki, stori ndo kitu pekee ambacho mteja anaweza kukionja kabla ya siku yenyewe.

Shida inaanzia hapo hapo, maana ukimwambia mwandaaji "weka stori" anakuletea wasifu wa kampuni yake. Tulianza tukiwa watatu, tulikuwa na ndoto, leo tunasherehekea msimu wa tano. Hongereni, ila hiyo inamhusu yeye na mama yake. Stori inayouza tukio kwa maoni yangu ni kitu kimoja tu: swali ambalo limeachwa wazi, jibu lake litapatikana sehemu moja na siku moja, na likipatikana litaonekana kwa macho. Ukikosa kipande chochote kati ya hivyo una tangazo zuri tu basi.

Tuchukue mfano ambao sidhani kama kuna mwingine umeupita. Kinshasa, Zaire (leo Kongo DRC), 30 Oktoba 1974, pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Watu wanakumbuka kwamba promota Don King alimwahidi kila bondia dola milioni 5 na kwamba serikali ya Rais Mobutu ndo ilibeba mzigo, na wanadhani hela ndo ilifanya pambano lile liwe kubwa. Hela ilileta mabondia. Kilicholeta dunia ni jinsi mambo yalivyojipanga kabla. Ali alinyang'anywa mkanda 1967 baada ya kukataa kuingia jeshini wakati wa vita ya Vietnam, akakaa zaidi ya miaka 3 bila kupanda ulingoni, aliporudi akapigwa na Joe Frazier 1971 halafu akapigwa na Ken Norton 1973. Sasa Foreman naye, Januari 1973 akamchukua huyo huyo Frazier akamdondosha mara 6 ndani ya raundi 2, Machi 1974 akamchukua huyo huyo Norton naye hakuivuka raundi ya 2. Yaani wale wawili waliomshinda Ali, huyu bwana mdogo wa miaka 25 aliyekuwa ameshinda mapambano yake yote 40 alikuwa amewamaliza kama anafagia, na Ali ana 32. Huhitaji kapsheni. Ukimsimulia mtu asiyejua ngumi hata kidogo hizo sentensi tatu atakuuliza mwenyewe, "enhe, ikawaje?" na hilo "enhe" ndo tiketi.

Halafu angalia kilichotokea kwenye kuahirishwa, maana hapo ndo somo lilipo. Pambano lilikuwa lifanyike 25 Septemba, Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, likasogezwa wiki tano. Kwa promota wa kawaida hiyo ni presha ya kupanda, anaandika tangazo la kuomba radhi, anazima simu. Wanamuziki waliokuwa wamealikwa kwa tamasha la kusindikiza pambano hawakuweza kusubiri, wakapiga shoo zao Septemba hiyo hiyo, pambano likabaki peke yake. Lakini Ali akabaki Zaire na waandishi wa habari ambao hawakuwa na kazi nyingine, na akazitumia zile wiki kama mtu aliyeajiriwa idara ya masoko: anakimbia barabarani na watoto nyuma yake, anaongea na yeyote mwenye kinasa sauti, anajinadi yeye ndo wa kwao. Foreman kwa upande wake alikuwa ametua na mbwa wake wa aina ya German shepherd, na pale watu walikuwa wanawakumbuka mbwa wa polisi wa wakoloni wa Kibelgiji, kwahiyo Mmarekani mweusi akajikuta amegeuka mgeni kabla hajarusha ngumi hata moja. Hakuna mtaalamu aliyekaa mezani akapanga lile la mbwa. Ila Ali alijua kuliokota.

Na wananchi wakapewa kazi ya kufanya. "Ali boma ye", yaani kwa Kilingala Ali muue, maneno matatu ambayo mtoto na mzee wote wanaweza kuyapigia kelele. Hapa nataka nisimame kidogo kwa sababu ndo sehemu ambayo waandaaji wanaipita bila kuiona. Anayeangalia filamu anakaa kiti cha nyuma, stori ingeendelea bila yeye. Anayekuja kwenye tukio la laivu anataka awe ndani yake, kelele zake zisikike, akirudi aseme "tulikuwepo" na ile "tu" iwe na maana. Pambano likapigwa alfajiri ili watazamaji wa Marekani walipate usiku wao, uwanja umejaa watu wanaimba, na raundi ya 8 Foreman akaenda chini.

P. T. Barnum, promota wa maonyesho wa Marekani, alishalijua hili miaka zaidi ya mia moja kabla. Mwaka 1850 alimleta Marekani mwimbaji wa Sweden, Jenny Lind, ambaye Ulaya alikuwa nyota na Marekani walio wengi hawakuwa wamewahi kumsikia, tena Barnum mwenyewe alisaini mkataba wa dola 1,000 kwa kila onyesho bila kuwahi kumsikia akiimba. Sasa utauzaje sauti kipindi ambacho hakuna namna ya kurekodi sauti? Hakuiuza. Aliuza tabia yake, binti anayegawa mapato yake kwa wahitaji, magazeti yakaandika wiki kwa wiki, na wakati huo huo akatangaza shindano la kuandika mashairi ya wimbo ambao Lind ataimba onyesho la kwanza, zawadi dola 200. Zikaja kazi zaidi ya 700. Fikiria hilo, mamia ya watu ambao tayari wana hisa kwenye onyesho ambalo halijafanyika, kila mmoja ana ndugu na jirani ambao ameshawaambia. Tiketi ya kwanza akaiuza kwa mnada, mfanyabiashara wa kofia anaitwa John Genin akaichukua kwa dola 225, na jina la Genin likaenda nchi nzima. Onyesho la kwanza New York, Septemba 1850, Lind akagawa fungu lake kwa taasisi za misaada za mji. Stori ilikuwa inasema ni mkarimu na siku ya siku akawa mkarimu, mbele ya macho ya watu.

Na msiseme hiyo ni zamani. Ziara ya Eras ya Taylor Swift ilianza Machi 2023 ikaisha Desemba 2024, maonyesho 149, mauzo ya tiketi zaidi ya dola bilioni 2. Wengi wanachambua ukubwa wa steji na nguo. Mimi naangalia vitu viwili vya bei rahisi kabisa. Cha kwanza, bangili za shanga, mashabiki waliuchukua mstari mmoja wa wimbo wake wakaanza kutengeneza bangili na kubadilishana na watu wasiowajua uwanjani, kwahiyo mtu alikuwa na kazi ya kufanya nyumbani wiki mbili kabla na sababu ya kumsalimia jirani yake akifika. Cha pili, kila usiku kulikuwa na kipande cha nyimbo za kushtukiza ambazo haziko kwenye orodha ya kawaida. Shoo ya masaa matatu na zaidi ambayo kila mtu ameshaiona kwenye klipu, nyimbo zile zile, nguo zile zile, ingekufa mwezi wa pili, lakini kile kipande kidogo kilifanya kila mji uwe na swali lake, leo ataimba ipi. Watu wa mabara mengine walikuwa wanakesha wanafuatilia laivu za simu za watu ili wajue tu hilo. Muziki hauna mshindi wala mshindwa na bado swali lilipatikana.

Turudi kwenye ile sehemu niliyosema jibu lionekane kwa macho, maana kuna kampeni zinauza tiketi vizuri sana halafu zinamwacha mtu na kinyongo.

Floyd Mayweather na Manny Pacquiao walianza kusemwa watapigana kuanzia 2009, mazungumzo yakavunjika, yakarudi, yakavunjika, wakaja kukutana 2 Mei 2015 mmoja ana miaka 38 mwingine 36. Nchini Marekani peke yake pambano lilinunuliwa kwenye televisheni mara milioni 4.6. Kimauzo hakuna wa kubisha. Lakini swali lililokuwa linauzwa miaka yote hiyo lilikuwa "nani bora?" na jibu likatolewa kwenye karatasi za majaji baada ya raundi 12 za kukwepana, halafu ikajulikana Pacquiao alikuwa na jeraha la bega, watu wakaenda mahakamani. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ikasema mashabiki waliuziwa pambano na pambano walilipata. Kisheria sawa kabisa. Ila mtu aliyesubiri miaka mitano hakuwa amenunua raundi 12, alinunua kuona mmoja wao anafunuliwa.

Linganisha na Machi 1987, mieleka ya Marekani, Hulk Hogan na Andre the Giant. Andre alikuwa mgonjwa, mgongo umefanyiwa upasuaji, hata kutembea shida, na ukiliangalia lile pambano kiufundi ni la hovyo, nisamehewe. Lakini stori ilikuwa imefinyangwa miezi: marafiki wawili, mmoja anaonekana kupewa heshima ndogo kuliko mwenzake, anamgeuka, anamchania fulana mbele za watu. Na swali lilikuwa la mtoto wa darasa la pili, hivi kuna mtu anaweza kumnyanyua huyu jitu? Hogan akamnyanyua, akambwaga. Picha hiyo ndo bado inarushwa mpaka leo. Mieleka matokeo yanapangwa na kila mtu mzima anajua yanapangwa, na bado walilipwa deni lao kwa sababu jibu lilikuwa kitu cha kuona na lilikuja.

Mkenya Eliud Kipchoge akijaribu kumaliza marathoni chini ya masaa mawili Vienna, 12 Oktoba 2019, ni hiyo hiyo ila ya kweli. Kumwangalia mtu mmoja anakimbia karibu masaa mawili kwenye njia ya kujirudia bila mpinzani ni jambo ambalo hakuna mtu angelitenga asubuhi yake, lakini swali liliwekwa ndani ya jina la tukio lenyewe, INEOS 1:59 Challenge, na jibu lilikuwa kwenye saa ambayo kila mtu anaisoma. 1:59:40. Haikuhesabika rekodi rasmi kwa sababu ya wasindikizaji wa kupokezana na mambo mengine ya kikanuni, na sidhani kama kuna aliyekuwa pale alijali. Na kuna kitu kingine ambacho watu wa masoko wanakisahau, miaka miwili nyuma Mei 2017 alijaribu Monza akapata 2:00:25. Alishindwa kwa sekunde 25. Wangeificha Monza kama aibu, Vienna ingekuwa maonyesho ya matajiri. Kule kushindwa ndo kuliifanya Vienna iwe na uzito.

Ndo maana nasema sentensi mbovu kuliko zote kwenye matangazo ya matukio ni "maandalizi yamekamilika asilimia mia". Nani alikuambia tunataka kusikia hivo? Kama kila kitu kimekamilika na hakuna kinachoweza kwenda kombo basi nitaona klipu kesho yake, nikilala. Waandaaji wanaogopa kuonyesha ugumu, wanadhani wataonekana hawajajipanga, kumbe mtu anayejaribu kitu kigumu ndo mtu wa kwenda kumwangalia. Hapa sisemi utangaze kwamba vyoo havijafika. Ugumu wa steji uonyeshe, ugumu wa miundombinu umalize kimya kimya.

Sasa hao wanaosema stori ni uongo uliopambwa wana mfano wao na lazima tuuguse. Tamasha la Fyre, Bahamas, 2017. Desemba 2016 wanamitindo na mainfluensa wakarusha kwa pamoja kile kibox cha rangi ya chungwa kisicho na maelezo, ikaja video ya warembo kwenye boti, maneno ya kisiwa kilichokuwa cha Pablo Escobar, tiketi zikaondoka. Aprili 2017 watu wakashuka wakakuta mahema ya wahanga wa majanga, magodoro yameloa, mkate na slesi za jibini kwenye kiboksi. Mwandaaji wake, Billy McFarland, akahukumiwa kifungo cha miaka 6 mwaka 2018. Kila mtu anautaja huu mkasa kama mfano wa stori kutumika vibaya, mimi naona tofauti kidogo. Rudia ile video, hakuna stori mle ndani. Hakuna mtu anayetaka kitu, hakuna kinachoweza kushindikana, hakuna swali, kuna watu wazuri wanaruka majini. Ilichouza ni hofu ya kuachwa nyuma, na hofu haimwambii mwandaaji ajenge nini, kwahiyo hata timu yao yenyewe haikuwa na picha ya siku ile itakuwaje. Stori nzuri inambana anayeisimulia. Ukisema leo atanyanyuliwa jitu, lazima jitu awepo.

Ila nisiwe mtakatifu sana. Andre alitangazwa hajawahi kushindwa miaka 15 na haikuwa kweli, alishashindwa sehemu kadhaa nje ya Marekani. Barnum huyo huyo niliyemsifia hapo juu, mwaka 1835 alimzungusha bibi mmoja aliyekuwa mtumwa, Joice Heth, akidai ana miaka 161 na alimlea George Washington, bibi alipofariki mwaka uliofuata daktari akampasua hadharani akasema hafiki hata 80, na Barnum hata ule upasuaji aliwatoza watu kiingilio. Unyama. Uongo unauza, historia iko wazi na atakayekuambia hauuzi naye anakuuzia kitu. Tofauti ni kwamba anayeandaa tukio la kila mwaka anahitaji watu wale wale warudi, na uongo wa tukio una siku yake maalum ya kuumbuka ambayo umeiandika wewe mwenyewe kwenye posta.

Utaniambia hao wote ni mabilionea, mimi nina mbio za kilomita 10, nina kwaya, nina mchezo wa jukwaani wa waigizaji wasiojulikana. Kwenu ndo inafanya kazi vizuri zaidi maana hamna nyota wa kuwabeba. Chagua mtu mmoja. Siyo washiriki 600, mmoja. Kuna utafiti wa 2007 wa Small, Loewenstein na Slovic, watu waliosimuliwa habari za msichana mmoja wa Mali anayeitwa Rokia walichangia zaidi ya mara mbili ya waliopewa takwimu za njaa za mamilioni ya watu, na kikubwa zaidi, walipopewa Rokia na takwimu kwa pamoja mchango ulishuka. Kuchangia na kununua tiketi siyo kitu kimoja, najua, lakini ukitazama kurasa za waandaaji utaona kosa lile lile, wanampata mtu mzuri wa kumsimulia halafu wanamzika chini ya "zaidi ya washiriki 600, nchi 12, wadhamini 9".

Kwahiyo kama ni mbio, mfuate dada mmoja ambaye mwaka jana aliishia kilomita ya saba. Video fupi fupi za simu, anaamka, anachoka, wiki ya nne anaumia goti. Mkiwa kwaya kuna wimbo ambao hamjawahi kuupatia ile sehemu ya juu, warekodini watu wa sauti ya kwanza wakiikosa, na msirushe kamwe siku wakiipata mazoezini, hapo ndo wengi wanaharibu, wana haraka ya kuonyesha tumeiva wanarusha jibu bure wiki mbili kabla ya tukio halafu wanashangaa. Na mpe mtazamaji kazi. Achague wimbo wa mwisho, aje na rangi fulani, awe na maneno ya kupiga kelele kilomita ya saba huyo dada akipita.

Kuna matukio hayahitaji haya yote. Semina ya wahasibu wanaokuja kuchukua cheti cha mwaka, weka tarehe, mada na ada, usiwahangaishe watu na safari ya ndoto. Nimeona mkutano wa kitaaluma umetengenezewa video ya tiza yenye ngoma za vita na hakuna mtu alicheka ila walipaswa kucheka.

Na wiki ya mwisho stori ipungue sauti. Aliyekwisha kushawishika saivi anataka kujua geti lipi, gari aliache wapi, anaruhusiwa kuingia na mtoto, inaisha saa ngapi ili ajue atarudi na usafiri gani, na mwandaaji ambaye bado anamimina hisia siku hiyo anapoteza watu kwa sababu ya jibu la mstari mmoja. Baada ya tukio ndo irudi. Hapo napo utaona wanarusha dakika mbili za moshi, taa, mikono juu na muziki wa kukodi, mzuri kweli, unaweza kuwa wa tukio lolote la mji wowote, na kwenye komenti kuna watu kumi na kitu wanauliza yule dada alimaliza au hakumaliza na hakuna anayewajibu.